Omeleti ya Kufungua Kinywa ya Dimitri

Mi sikuomba kuandika kitu. Mujue ile mbele ya yote. Ni Darlène, ule ya kikundi ya bamama ya paruwasi yetu, njo alinifata toka mulango ya kanisa mupaka kwangu, kalamu mukononi, anasema, "Mama Mignonne, kila mama anaandika kitu moya ya maisha yake, tutachapa kitabu kidogo, bamama bengine basome." Nikamwambia kama masomo yangu ilikuwa kidogo, na herufi yangu inalala ovyo-ovyo sawa balevi ku barabara. Akasema, "Andika sawa unasema." Basi nikamwambia nitaandika juu ya bwana yangu Ezéchiel, Mungu amupokee, namna alijenga nyumba yetu na mikono yake. Darlène akaangalia viatu yake.

"Mama, bengine banataka ile ya omeleti."

Banataka ile ya omeleti. Mi nilizaa, nilizika, nilikaa Kasulo tangu siku yenye hakuna mutu alijua kama chini ya bitanda yetu kuko kitu ya kuuzisha, na yenye banataka kusoma ni mayayi. Muzuri. Nitaandika. Lakini mutu yenye atacheka mbele sijafika pa kuchekesha, afunge kitabu aende kupika yake tuone.

Jina yangu ni Mignonne Kabemba, na Mignonne ku Kifaransa ni mutoto ya sura muzuri. Mutu yenye alinipa Mignonne hakungoja kuona uso itakuwa namna gani. Nyumba yangu iko Kasulo, na iko ya kuinama. Iliinama sababu ya Ezéchiel. Wakati bantu ya Kasulo balianza kuchimba kobalti mu parseli yao, Ezéchiel naye alichimba, lakini hakutaka bamuone, basi alichimba jikoni. Nilipika miezi mingi kando ya shimo ile, napitisha chumvi juu ya kichwa ya bakrezeri, bachimbaji yake, benye kutoka mu udongo sawa bapanya, banasema, "Mama, leo kuko nini?" Kisha majiwe ikaisha. Ezéchiel akajaza shimo na matofali ya kuvunjika, akapiga simenti juu, akakanyaga na muguu, akasema, "Sasa iko nguvu kuliko mbele." Simenti ikaanza kushuka polepole upande ya dirisha. Leo ukiangusha kitunguu pa mulango, unaenda kuikamata chini ya dirisha.

Kila mutu anasema nihame. Yenye kusema kuliko bote ni ndogo yangu Valérie, juu yeye anakaa Kapata, mu nyumba ya zamani ya kampani, nyumba ya mustari, ya kunyooka, na jikoni yake iko na furu ya gazi yenye kupika kuku bila mutu kupepea makala. Ananiambia, "Yaya, siku moya utalala mu kitanda yako, utaamka kwa bashetani." Namujibu kama nitabasalimia.

Sasa, mambo yenyewe. Mujukuu yangu Shekina, mi kambo yake njo nilimukomalisha, juu mama yake alikufa Shekina akingali mu mugongo. Shekina akaolewa na Dimitri, kijana ya heshima, anaendesha kamio kubwa ku mine, mugodi moya ya huku. Mambo ya mali ya ndoa bababa balishaimaliza. Ilibaki kitu moya tu, na ile ni ya bamama: kufungua kinywa.

Kwetu, upande ya mama yangu, mukwe hakule kitu mu nyumba ya bazazi ya muke yake mupaka bamufungue kinywa. Hata mayi hakunywe. Dimitri alikuwa anakuya kunisalimia, anasimama pa mulango ya parseli na chupa ya Fanta yenye alinunua mwenyewe, na mi mu nyumba nanusisha mutaa muzima harufu ya samaki. Alikuwa anameza mate na heshima.

Siku ya kumufungua kinywa, mama ya binti anapika peke yake, mulango ya kufunga, hakuna mukono ya mutu mwingine. Chakula inapashwa kuwa kitu ndani ya kitu, ya kufungwa, juu mukwe mwenyewe njo anaifungua. Yenye atakuta ndani, njo ile atakula mu nyumba ile maisha yote. Yenye hakukuta, hatakula pale. Na kama chakula inafika ya kupasuka, mama ule anakaa chini, na mama mwingine ya fami anapika ku nyumba yake, na kule njo mukwe atakuwa anaenda kukula, na batoto yake, na bajukuu yake. Mi nitabaki na harufu yangu ya samaki.

Tulikaa kwangu ku kikao ya fami, kila mutu na muguu moya ya kuzuia kiti isitelemuke. Valérie akaanza kusema mbele mi sijafungua mudomo.

"Yaya, we umezeeka, na moshi iko mubaya ku macho yako. Niache mi nipike. Kuku nzima, ndani naweka mayayi ya kuchemusha. Furu yangu iko bule."

Mungaliacha, ninyi? Mi nilisikia ile neno furu mu kifua. Nikasema, "Kuku kila mutu anapika. Kuku hata mwizi anaijua. Mi nitamupikia omeleti ya kujazwa."

Bantu bote bakanyamaza. Ilinipendeza sana, ile kimya.

"Omeleti," Valérie akasema.

"Omeleti. Shekina, sema."

Shekina akasema namna aliniambia mbele: ku kantini ya kazi ya Dimitri, kila asubui banamupa omeleti ya kukunja, na ndani kuko bitu.

"Yaya, ulishaka kuipika?"

"Mbele we uzaliwe."

Valérie alizaliwa nyuma yangu karibu-karibu. Kama nilipika omeleti mbele azaliwe, basi niliipika natambaa. Lakini hakuna mutu alifanya hesabu, na kikao ikaisha. Nikabaki peke yangu na viti ya kupanga, naanza kujiuliza omeleti ya kujazwa ni nini.

Mayayi naijua. Nilichemusha mayayi, nilikaranga mayayi na kitunguu na tomati, inatoka mabale-mabale, unakula na mukate, hakuna mutu anauliza kama iko nzima. Lakini kuikunja, na bitu ndani, na isipasuke? Nani angenifunza? Kuuliza Valérie, afazali kwa bashetani. Basi asubui nikaenda pa barabara, pale kuko kijana moya anauzishaka omeleti kwa bakrezeri. Nikakaa ku jiwe, naangalia upande ingine, jicho moya tu iko ku pwali yake, kikaango. Anamwanga, anangoja, anapitisha kisu ku kando, anakunja. Mukono yake inapita mbio, sioni kitu. Nikasogea. Akakunja ingine. Nikasogea tena.

"Mama," akaniambia, "unangoja nani?"

"Nangoja moto," nikasema.

Ni kijana ya kukomalishwa muzuri, huyu. Aliacha mayayi yake, akapiga mululuzi, moto ikafika, ile pikipiki ya kubeba bantu. Akanishika mukono, akanipandisha. "Mama anaenda wapi?" yenye moto akauliza. Mutu eko juu ya moto, bantu banamuangalia, anapashwa kwenda fasi. Neno yenye ilikuwa karibu mu kinywa yangu ni Kapata. Ikatoka.

Ndio namna nilifika kwa Valérie asubui-asubui, vumbi mupaka ku meno. Alikuwa anafagia mulango yake ya kunyooka.

"Yaya, umekuya kuazima furu?"

"Nilikuya kukusalimia."

"Jana ulinisalimia."

"Haikuenea," nikasema. Nikanywa chai yake, nikarudi na moto ile ile, na omeleti ya kijana sikuiona tena, juu nilikuwa na haya kupita mbele yake.

Nikanunua plato ya mayayi, nikafunga mulango ya jikoni. Na pale njo kichwa yangu ilinifanyizia mubaya. Nikawaza: yenye iko ndani, njo atakula maisha yote. Basi kama sitie kuku, Dimitri hatakula kuku kwangu mupaka nikufe. Tia kuku. Na ndakala, samaki yangu ya kidogo-kidogo ya kukauka, ya nyanya na pilipili, yenye mutaa muzima inajua? Tia. Maharagi, juu kuko miezi ya njaa. Matembele, juu ya damu. Nyama ya mbuzi, juu siku moya kutakuwa ubatizo. Na bukari, ugali yetu? Mwanaume ya huku aende kwa mama ya muke yake, asikule bukari, atakula nini, upepo? Nikasonga bukari, nikaiviringa sawa ngumi, nikaiweka katikati.

Mbele municheke: mi nilikuwa naona ni akili. Nilisema peke yangu jikoni, "Valérie na kuku yake moya. Mi namufungulia soko."

Nikapiga mayayi, nikaimwanga mu pwali juu ya mbabula, jiko yangu ya makala, nikapanga soko ile yote. Kisha nikajaribu kukunja. Ilikuwa sawa mutu anafunika gunia ya makala na kitambaa ya kupangusa pua. Ikapasuka huku, ikapasuka kule, ngumi ya bukari ikatoka, ikaviringika mu simenti, ikaenda kulala chini ya dirisha.

Sasa, mutu anaweka wapi omeleti ya kupasuka? Kutupa sikuweza. Jirani yangu Rachelle anajua takataka yangu kuliko mi mwenyewe. Akiona maganda na mayayi mu shimo, mangaribi Kapata inajua. Basi nikaikula. Yote. Hata bukari, nikapangusa vumbi.

Nikapika ingine. Na pale njo nikaona kitu yenye mutu mwenye akili angaliona tangu mwanzo: mayayi inakimbilia dirisha. Upande ya dirisha inakuwa nene sawa godoro, upande ya mulango inakuwa nyembamba sawa karatasi ya Biblia. Upande moya mubichi, upande moya ya kuungua. Hiyo nayo nikaikula.

Nikasema, nitanyoosha mbabula. Ezéchiel alibakisha jiwe moya mweusi ya kobalti, kumbukumbu, inashikaka mulango upepo isiifunge. Nikaiweka chini ya muguu ya mbabula, upande ya dirisha. Nikaangalia: iko sawa. Nikafurahi. Nikaweka pwali, nikaegemea kidogo tu, jiwe ikateleza, mbabula ikaanguka, makala ya moto ikafata njia ile ile ya bukari. Nikaikimbilia na mayi. Kikwembe yangu ya misa, yenye nilikuwa nimevaa juu ya kujipa heshima mbele ya mayayi, ikaungua ku kando. Rachelle akagonga ukuta.

"Mama Mignonne, kuko nini?"

"Nafagia," nikasema.

Omeleti ile ilikuwa na majivu. Niliikula vile vile, lakini polepole.

Sitawaandikia ngapi nilikula. Nitasema tu kama nilinunua plato ingine, na kama siku ya Mungu, ku misa, wakati ya kimya yenye kila mutu anapiga magoti, tumbo yangu ilitoa sauti. Mama mwenye alikuwa mbele yangu aligeuka kuangalia kama kuko mutoto. Mi nikaangalia sanamu ya Bikira, sawa ni yeye. Kisha ikatoka ku kinywa, harufu ya yayi, na bamama ya mustari yangu, munajijua, mulisogea. Musinikatalie. Mulisogea.

Siku ile ile njo Dimitri na fami yake balikuwa banakuya juu ya kufungua kinywa.

Nilitoka ku misa mbio, nikafunga mulango ya jikoni. Nilijiambia nitapika soko yangu mara ya mwisho, polepole, na Mungu atanisaidia juu ni siku yake. Nikapanga bitu yenye ilibaki: kuku, mbuzi, maharagi, matembele, bukari; ndakala ilikuwa ingali mu sufuria. Nikasikia sauti mu parseli. Dimitri na mujomba yake Tata Nkulu, muzee yenye alitoka Kasaji na treni juu ya mambo hii tu, na njaa yake yote alikuwa ameibeba. Bakapiga mikono pa mulango sawa inapashwa. Na Valérie akaingia naye. Nikachungulia mu tundu ya mulango: alikuwa na kapu, na kitambaa mweupe juu.

"Ni nini ile, Kambo Valérie?" Shekina akauliza.

"Si kitu. Ni kuku kidogo. Mutu hajue siku inaamuka namna gani."

Nikaikunja mbio mbele nitie ndakala, na omeleti, na soko yake ndani, ikapasuka katikati mbele ya macho yangu.

Nikaangalia plato. Mayayi ilibaki kidogo, ya kuenea mukono moya. Nikaangalia sufuria. Kuku iko mu ile ya kupasuka, imejifunga na mbuzi na bukari, hata Mungu hangeitofautisha. Yenye ilibaki safi ni ndakala tu. Na inje Tata Nkulu ameanza kukohoa, kikoozi ya mutu yenye anataka kujua kama jikoni kuko mutu.

Sikuwa na wakati ya jiwe. Sikuwa na wakati ya akili. Nikapiga mayayi ile, nikaimwanga, nikaiacha iende penye inataka. Ikaenda ku dirisha sawa kila siku. Nikaweka ndakala pale pale, upande nene, juu mukono njo ilifika pale. Na wakati nilipitisha kisu ku upande nyembamba, kule juu ku mulango, ile upande ikainuka yenyewe, ikatelemuka, ikakuya kulala juu ya ndakala sawa mutu mwenye kuchoka anarudi kwake. Bila tundu. Bila ufa. Nusu mwezi.

Nikasimama pale naangalia. Si mi niliikunja. Ni shimo ya Ezéchiel. Miaka yote ile nilikuwa namulaumu muzee juu ya simenti yake, na simenti ilikuwa inaningojea. Nikapangusa macho na kikwembe ya kuungua. Moshi.

Nikafunika sani na sani, nikatoka. Kwetu mama ya binti anapiga magoti, anaweka chakula mbele ya mukwe, kisha anageuza mugongo, anaangalia ukuta, juu hakuna mama anaangalia kinywa ya mukwe yake. Basi ya kisha sikuiona. Niliisikia tu, na pua karibu na matofali.

Sani ya juu ikatoka.

"Iko nzima?" Valérie akauliza mbio.

"Nzima," Tata Nkulu akasema. "Sawa mwezi ya kukatwa nusu. Mama, tunapiga mikono."

Bakapiga mikono. Nikavimba kidogo kule ku ukuta. Ilikuwa inapashwa siku iishe pale.

"Dimitri," Tata Nkulu akasema, "fungua. Sema yenye unaona, sote tusikie."

Kisu ikagusa sani.

"Naona ndakala, Tata."

"Muzuri. Na kisha?"

"Ndakala."

"Ile ulishasema."

"Iko mingi, Tata."

"Tafuta ku kona. Bamama banafichaka nyama ku kona."

Dimitri akatafuta. Nilisikia furusheti inatembea mu sani yote.

"Ku kona kuko ndakala."

"Kuku?"

"Sioni."

"Mbuzi? Maharagi?"

"Hapana, Tata."

Tata Nkulu akavuta pumuzi. Kisha akauliza sauti ya chini, sawa mutu anauliza juu ya mugonjwa: "Bukari?"

Kimya. Si ile kimya ya kikao, yenye ilinipendeza. Ingine.

"Mama Mignonne," Tata Nkulu akasema. "Mi natoka mbali, pengine masikio yangu ingali mu treni. Ulitaka kusema kama mukwe yako, hapa kwako, maisha yote, ni mayayi na ndakala?"

Ningalisema, mungoje kidogo, kuko ingine, ilikuwa na kila kitu, ilipasuka sasa hivi. Lakini omeleti ya kupasuka ni ya kupasuka, na nyuma yangu kulikuwa kapu na kitambaa mweupe, nilikuwa naisikia harufu yake mu mugongo. Nikaambia ukuta:

"Njo ile nilitaka kusema. Kuko shida?"

"Hakuna shida, Mama. Nilikuwa nauliza tu."

Pale Valérie akacheka. Alianza polepole, kisha akashika ukuta, nyumba yangu yote ikasikia. Akafungua kapu. Kuku ikatoka, ya rangi ya dhahabu, ya furu. Lakini Valérie ni damu yangu. Chakula ya damu yangu, mu nyumba yangu, ni chakula yangu, na Dimitri hakuweza kuigusa. Tata Nkulu aliweza, juu kinywa yake hakuna mutu aliifunga. Aliikula karibu yote. Shekina aliniambia kisha kama Dimitri alikuwa anaangalia muguu ya kuku ile sawa mutu anaangalia treni inaenda bila yeye.

Alimaliza omeleti yake. "Aksanti, Mama," akasema. "Iko muzuri."

Basi nilishinda. Mukwe ni yangu, na batoto yake batakuya kukula kwangu, Kasulo, na Valérie eko na furu yake ya bule. Tangu pale, kila siku ya Mungu, Shekina na Dimitri banakuya, na mi naingia jikoni. Naikunja sasa bila kuangalia. Kwangu, lakini. Nilijaribu siku moya kwa Valérie, juu ya kumuonyesha. Chini yake ya kunyooka, mayayi ikabaki katikati sawa mujinga, haikujua iende wapi, ikapasuka. Alinipa kijiko nikule.

Shekina anakula kila kitu: kuku, bukari, sombe ya majani ya muhogo. Dimitri anakula mayayi na ndakala. Anakaa kando ya muke yake, macho iko ku sani ya muke yake, kinywa iko ku sani yake. Hakuna siku alisema neno.

Juma fulani nilimuuliza Shekina, juu niliona anarudisha nusu.

"Dimitri eko mugonjwa?"

"Kambo," akasema, "Dimitri hapendi mayayi."

"We njo ulisema anapenda."

"Nilisema banamupa kila asubui ku kantini. Kila asubui, Kambo, juma yote. We njo ulisema anapenda."

Nilikaa ku kiti, kiti ikatelemuka kidogo, nikaiacha. Nikakumbuka kila neno yenye alisema siku ile. Kweli. Hakuna kupenda mule ndani. Nilijaza mi mwenyewe.

Basi fikirini kijana ule: juma yote omeleti ku kazi, na siku ya Mungu, siku yenye kila mukristo anapumuzika, anavaa shati ya pasi, anakuya kwangu kukula omeleti. Na mi nilipigana na ndogo yangu, nikaunguza kikwembe, nikatoa sauti mbele ya Sakramenti, ili nimupatie ile.

Najua yenye munataka kusema. Kinywa inaweza kufunguliwa mara ya pili. Ndiyo. Kwetu mama anarudi kupiga magoti mbele ya fami yote, anasema, "Siku ile mukono yangu ilikuwa mufupi," kisha anapika ingine. Ile maneno nilijaribu kuisema peke yangu jikoni, mulango ya kufunga. Kinywa ilifunguka. Sauti haikutoka. Na Valérie angekuwa pale, na kapu.

Lakini kuko njia ingine, na ni ninyi. Chakula ya damu yangu ni yangu. Chakula ya mugeni ni ya mugeni. Mugeni akipita, akaweka sani yake mbele ya Dimitri na mukono yake mwenyewe, Dimitri anaweza kukula mupaka avunje mukaba, na mi sikusema kitu, sikupiga magoti, sikuomba. Munasikia? Sikuomba.

Mulitaka kunicheka, mulinicheka. Sasa mulipe. Siku ya Mungu yenye kukuya, kisha ya misa, moya yenu yenye hatuna damu naye apite kwangu na kuku ya mutuzi na bukari ya kutosha mwanaume ya kamio. Asimame pa mulango, aseme nguvu, mupaka Rachelle asikie, "Mama Mignonne, nilikuwa napita tu." Mi nitashangaa. Najua kushangaa. Kisha juma ingine mwingine apite, na mbuzi, na maharagi. Mupange kati yenu. Na sani muiweke upande ya mulango na muishike na mukono, juu huku kwangu chakula inaendaka dirisha.

Darlène, we njo ulianza. We ni wa kwanza. Bukari iwe ya moto.